Nzuri, ila tumelala na njaa

Bibi alikuwa anachambua matembele, mimi nimekaa kwenye kigoda, dodoso nimelilaza gotini. Ilikuwa mwaka 2012, kijiji kimoja wilayani Kilosa, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Nilikuwa nimeshamwamkia, nimeshajieleza natoka wapi, nimeshamsomea ile karatasi ya ridhaa inayosema majibu yake ni siri na kwamba sisi si watu wa serikali wala wa chama chochote. Akaniuliza kama ni sisi wale wa Katiba, maana mwaka huo Tume ya Jaji Warioba nayo ilikuwa inazunguka nchi nzima ikikusanya maoni. Nikasema hapana, hao ni wengine. Akasema haya, uliza mjukuu wangu.

"Bibi, kwa ujumla, hali yako ya maisha kwa sasa unaionaje? Ni nzuri sana, nzuri kiasi, si nzuri wala si mbaya, mbaya kiasi, au mbaya sana?"

"Nzuri, mjukuu wangu. Tunamshukuru Mungu."

Nikazungushia duara namba 4, nzuri kiasi. Kurasa mbili mbele nikamuuliza katika miezi 12 iliyopita ni mara ngapi yeye au mtu wa kaya yake alikosa chakula cha kutosha. Akacheka, mikono bado iko kwenye mboga.

"Mara ngapi? Mbona hata jana tumelala na njaa. Hao watoto unaowaona wamekunywa uji wa chumvi, basi."

Nikazungushia mara nyingi. Halafu nikafunua nyuma nikaiangalia ile 4 yangu. Semina ilikuwa imetukataza kabisa kurudi kumkumbusha mhojiwa alichosema mwanzo, kwa hiyo niliiacha.

Bibi hakuwa amenidanganya. Nilikuwa nimemsalimia bila kujua, na yeye akaitikia salamu. Aliyelelewa katika Kiswahili anajua mambo haya yanavyokwenda: habari za nyumbani, nzuri, watoto, hawajambo, kazi, inakwenda, *ila* juzi tumemzika baba mdogo. Uzuri hutangulia, na habari yenyewe hufuata baada ya ila. Aliyeandika swali lile aliliandika kwa Kiingereza, akalipa mfasiri, na mfasiri akaweka "nzuri" kwa sababu ndiyo tafsiri sahihi. Kamusi haina kosa. Ila dodoso halikuwa na nafasi ya ila.

Nilifanya kazi ya udadisi kwa misimu minne, kazi ya mkataba ya kulipwa kwa siku, na tangu hapo kila nikisikia redioni kwamba asilimia fulani ya wananchi wanasema hivi au vile, kinachonijia kichwani ni sauti ya mdadisi kwenye kigoda. Alisoma nini hasa? Nadhani watu wengi wanaobishana juu ya takwimu za maoni wanabishania sampuli: waliohojiwa ni wangapi, walitoka wapi, nani kalipa. Ni maswali ya haki. Lakini swali lenyewe, maneno yake moja baada ya jingine, ndilo linalopiga kura ya kwanza, na kwenye habari ndilo la kwanza kukatwa.

Hata jina la kitu hiki kwa Kiswahili limekaa kimtego. Kwetu Tanzania "kura ya maoni" ni utafiti wa kuuliza watu elfu mbili watamchagua nani. Pia ni ile kura ya taifa zima ya kupitisha au kukataa katiba. Na ukienda kwa makada wa CCM, kura za maoni ni mchujo wa ndani wa kumpata mgombea. Nimewahi kumhoji mzee aliyekataa katakata kujibu kwa kuwa, alivyosema, kura za maoni kwenye kata yao zilishapigwa na mshindi alikatwa jina huko juu. Ilinichukua robo saa kumwelewa, na yeye sidhani kama alinielewa.

Semina ndipo mahali pa kuona maneno yakipigana. Tulikusanywa kwenye ukumbi wa hosteli moja, feni zinalia, tunapitia dodoso mstari kwa mstari, na siku ya pili tulikwama kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana kwenye neno moja: rushwa au ufisadi? Toleo la Kiswahili tulilopewa lilisema "ufisadi". Msimamizi wetu mmoja, Mkenya, hakuona tatizo, kwani kwao ufisadi ni mwavuli: hongo ya askari wa barabarani ni ufisadi, na mabilioni ya wizarani ni ufisadi. Sisi wa Tanzania tukamwambia kwetu sivyo. Mwaka 2012 ukimwambia Mtanzania "ufisadi" anawaza kashfa za EPA na Richmond, wakubwa wenye magari yenye vioo vyeusi. Ukimwambia "rushwa" anamwaza muuguzi, karani wa mahakama ya mwanzo na trafiki. Ukiuliza kama ufisadi umeongezeka unampima waziri. Ukiuliza kama rushwa imeongezeka unampima nesi wa zahanati. Kwenye ripoti ya Kiingereza vyote viwili vitaandikwa neno moja, vitawekewa mchoro mmoja wa nguzo, na Kenya na Tanzania zitalinganishwa kana kwamba zimeulizwa kitu kimoja. Tuliandika "rushwa au ufisadi". Ni suluhu mbovu, kwa sababu sasa hujui mtu kajibu lipi, lakini wali ulikuwa unapoa.

Wamarekani wamelijua jambo hili zamani kwa sababu walianza biashara hii mapema. Mwaka 1941 Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio ambalo mpaka leo wanafunzi wa fani hii hufundishwa wiki ya kwanza. Kundi moja liliulizwa kama Marekani iruhusu hotuba za hadhara za kuipinga demokrasia. Asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi jingine, la watu wa aina ileile, likaulizwa kama Marekani izikataze hotuba hizo. Waliosema izikataze walikuwa asilimia 46. Kimantiki kutoruhusu na kukataza ni kitu kimoja. Masikioni si kimoja. Kutoruhusu ni kukaa kimya tu mlango ukabaki umefungwa, kukataza ni kusimama mlangoni na fimbo, na watu wengi wanaona aibu kushika fimbo mbele ya mgeni. Mambo ya namna hii wanayo mengi. Kwa miaka wamewauliza watu wao kama serikali inatumia fedha kidogo mno kwa "welfare", neno ambalo kwao limeshanuka uvivu, na wanaosema ndiyo huwa wachache. Wakiuliza kuhusu "msaada kwa maskini" wengi wanasema ndiyo, kidogo mno, ongezeni. Fedha ni zilezile.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1992, kwa sababu kinagusa ugonjwa wa Kiswahili moja kwa moja. Kampuni ya Roper iliwauliza Wamarekani kama wanaona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Lisome tena taratibu. Asilimia 22 walijibu inawezekana, na matokeo yalipotangazwa nchi ikashtuka: mtu mmoja kati ya watano anatilia shaka historia iliyo wazi namna hiyo! Mwaka 1994 wakaulizwa upya kwa sentensi iliyonyooka. Wenye shaka wakashuka hadi karibu asilimia 1. Wale wengine wote walikuwa wamejikwaa kwenye "haiwezekani kwamba hayakutokea".

Sasa leta kikwazo hicho kwetu. Mwingereza akiulizwa kwa lugha yake "hujala?" naye hajala, atajibu hapana. Mswahili atajibu ndiyo. Ndiyo, sijala. Ndiyo yetu inaikubali sentensi kama ilivyosemwa, pamoja na ukanushi wake. Katika dodoso moja tulikuwa na swali lililoanza "Je, huoni kwamba viongozi wa kijiji hawawasikilizi wananchi?" Mzee mmoja akaniambia "ndiyo". Nikakaa na kalamu hewani. Ndiyo sioni? Ndiyo hawasikilizi? Nikamuuliza kwa adabu, mzee wangu, ndiyo ipi? Akanitazama kama mtu aliyeletewa mtoto mgonjwa wa akili, akasema, "Ndiyo, ni kama ulivyosema." Jioni tulipokutana na kulinganisha tukagundua kila mdadisi alikuwa na ndiyo yake: wapo walioandika 1, wapo walioandika 2, mmoja alikuwa anatikisa kichwa chake mwenyewe wakati anasoma ili kumwongoza mhojiwa. Siku ya tatu yakaja marekebisho, swali limenyooshwa. Tulishafanya mahojiano ya vijiji vitatu na lile la zamani. Yote yaliingia kwenye jedwali moja.

Hayo ni ya vijana na madodoso. Kuna siku nchi nzima iliulizwa, na hapo mambo ni mazito zaidi.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iulize Watanzania kama waendelee na chama kimoja au waingie vyama vingi. Kila mtu wa rika langu anaijua hesabu iliyotoka: karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja, karibu 20 walitaka vyama vingi. Na Tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 vikaanza. Shuleni tulifundishwa kisa hiki kama muujiza wa busara, wengi kuwaheshimu wachache. Nilipokuja kuwa mdadisi nilikiona kwa jicho jingine. Wengi kati ya wale 80 walisema "chama kimoja, lakini", na baada ya lakini yakafuata mambo mengi: viongozi wawajibike, watu waseme wanachotaka, hili libadilishwe na lile liondolewe. Tume ikaona mabadiliko yaliyotakwa na watu hao hayawezekani ndani ya mfumo uleule. Kwa maneno mengine, Tume ilisikiliza ila. Kama maoni yale yangekusanywa kwa dodoso langu la duara, zile "lakini" zote zingeanguka chini, na 80 ingebaki 80 kavu.

Sasa subiri. Miaka 20 baadaye, Tume ya Warioba. Hii nayo iliuliza kwa uwazi: njoo useme unachotaka kwenye Katiba. Waliotoa maoni walizidi 350,000. Kati yao takriban 47,000 waligusa muundo wa Muungano, na miongoni mwa waliogusa jambo hilo upande wa Bara, asilimia 61 walitaka serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, na Zanzibar asilimia 60 walitaka muungano wa mkataba. Rasimu ikaja na serikali tatu. Machi 2014 Rais Kikwete akalihutubia Bunge Maalumu na akaigeuza hesabu juu chini: waliozungumzia muundo ni kama asilimia 14 tu ya waliotoa maoni, kwa hiyo asilimia 86 hawakuona tatizo. Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa Oktoba ile ilibaki na serikali mbili.

Mimi kisiasa nina upande wangu na sitaki kuwachosha nao. Kwa jicho la mdadisi, hoja ya Kikwete haikuwa ya kijinga. Swali la wazi lina udhaifu wake huo: mtu akiulizwa "una lolote?" atasema la maji, la shamba, la mtoto kukosa mkopo, na muundo wa Muungano unaweza usimjie kabisa siku hiyo. Ila huwezi kuichukua kimya yake ukaiandikia "ameridhika". Bibi yangu wa Kilosa angeulizwa "una maoni gani kuhusu Katiba" angetaja bomba la maji. Hapo angehesabiwa kwenye 86 zilizoridhika na serikali mbili. Namna pekee ya kujua ilikuwa kumuuliza: Bibi, ungependa moja, mbili, tatu, au hujui? Na kuna watu wengi sana, nadhani, ambao hawakutaka swali hilo liulizwe kwa unyoofu huo. Kura ya maoni ya Katiba yenyewe ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na hatujaipiga.

Waganda wao waliulizwa mara mbili ndani ya miaka mitano. Juni 2000 waliambiwa wachague kati ya mfumo wa Movement wa Museveni, usio na ushindani wa vyama, na vyama vingi, na zaidi ya asilimia 90 wakachagua Movement. Julai 2005 wakaulizwa tena, na asilimia 92 wakakubali vyama vingi. Watu wale wale. Ni kweli katikati hapo Museveni mwenyewe alikuwa amegeuka na kuwapigia debe wa ndiyo, na mara zote mbili wapinzani wengi waligoma na nusu ya wapiga kura walibaki majumbani. Lakini lisikilize swali la 2005, kwa tafsiri yangu: je, unakubali kufungua uwanja wa siasa ili wale wanaotaka kujiunga na vyama mbalimbali wafanye hivyo na kushindania madaraka? *Wale wanaotaka.* Hukuulizwa wewe unataka vyama. Umeombwa tu usiwazuie wenzako. Na limeanza na "unakubali", ambalo kwetu ni neno la adabu kabla ya kuwa neno la siasa: mgeni akikuomba, unakubali. Kumkatalia kunahitaji maelezo.

Waskoti walilijadili neno hilohilo. Serikali yao ilitaka kuuliza kama mpiga kura anakubali kwamba Scotland iwe nchi huru. Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ikalijaribu swali kwa watu wa kawaida, ikaona "unakubali" linamvuta mtu upande mmoja, likaondolewa. Septemba 2014 karatasi iliuliza tu kama Scotland iwe nchi huru, na asilimia 55 wakasema hapana. Kabla ya kura ya Brexit mwaka 2016 tume hiyohiyo ilikataa swali la ndiyo na hapana kuhusu kubaki Ulaya, ikataka pande zote mbili zitajwe, kubaki au kuondoka. Sijui kwa nini sisi huku tunaona jambo hili ni la makarani.

Tena kwetu swali mara nyingi si maneno, ni picha. Mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja Tanzania, wagombea wawili wa ubunge wa TANU walipewa alama ya jembe na ya nyumba, na ukipewa jembe kwenye nchi ya wakulima umeshasaidiwa nusu ya hotuba. Mwaka 2005 Wakenya waliulizwa kuhusu rasimu ya katiba kwa ndizi na chungwa. Chungwa likashinda kwa asilimia 58, rasimu ikaanguka, na chungwa likatoka kwenye karatasi ya kura likawa chama, ODM, na chama kikakaribia Ikulu. Fikiria: jibu la "hapana" likapata ofisi, katibu mkuu na kadi za uanachama.

Kwa hili la maswali, lakini, Kenya wametupita, lazima niseme. Sheria yao ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inamtaka anayezitangaza aseme nani kalipa, wamehojiwa wangapi, na aliulizwa nini mhojiwa. Na kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kuibadilisha katiba yao, Mei 2021, Mahakama Kuu ilisema yale mapendekezo zaidi ya 70 hayawezi kufungwa pamoja kwenye ndiyo moja, kila jambo liwe swali lake. Mahakama ya Juu baadaye, Machi 2022, ilisema suala hilo lilikuwa halijafikia wakati wa kuamuliwa, kwa hiyo liko wazi mpaka leo. Lakini angalau majaji walikaa wakajadili kile ambacho mama yeyote wa sokoni anakijua kuhusu nyanya za ndoo: juu zimepangwa zile nyekundu, na huruhusiwi kumwaga ukague za chini.

Huku kwetu mwaka 2018 utafiti wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza ulitoa matokeo kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 71 mwaka uliofuata, hadi 55. Wale watu walihojiwa kwa simu. Ningependa sana tubishane walisomewa sentensi gani, na kama mtu wa 2018 anayeulizwa kwa simu kuhusu Rais anaisikia sauti ya mtafiti au sauti nyingine. Hatukubishana hivyo. Mjadala ulihamia kwenye kibali: nani aliruhusu utafiti ufanyike.

Nirudi kwa Bibi, nilimwacha na matembele.

Swali la mwisho kwenye dodoso lile lilikuwa la ajabu kidogo, na ndilo nililoliheshimu kuliko yote. Unamuuliza mhojiwa: unadhani ni nani aliyetutuma kuja kukuhoji? Mwenyekiti wa kitongoji, aliyenileta na ambaye nilimwomba atupishe, alikuwa ametupisha hatua kama 20, amejiegemeza kwenye mwembe anachokonoa meno. Bibi akamtupia jicho, akarudi kwangu.

"Serikali," akasema.

Nikazungushia duara serikali. Saa moja nzima tangu nimsomee kwamba hatuko serikalini.

"Si umemaliza? Sasa andika na hili," akaniambia. "Bomba la zahanati halitoi maji tangu mwezi wa mfungo. Waambie hivyo hivyo, usipunguze."

Nikamwambia nitaandika. Nikaandika kweli, kwa penseli, pembeni ya ukurasa wa mwisho, maneno yake kama alivyoyasema. Wiki mbili baadaye nilipita ofisini kuchukua posho nikawakuta makarani wa kuingiza data wakifanya kazi kwenye rundo letu. Mmoja alikuwa anasoma namba kwa sauti, mwenzake anapiga: nne, mbili, tano, moja. Alifika ukurasa wa mwisho wa dodoso moja, sijui kama lilikuwa la Bibi, akaona maandishi pembeni, akanyamaza kidogo akiyasoma, halafu akafunua jingine.